Msafara wa Chumvi kwenye Kompyuta za Gungu

Mara ya kwanza nilifia Tabora. Njaa iliniua. Wapagazi wangu wote walikuwa wamenikimbia, chakula kimekwisha, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea picha ya kaburi dogo lenye jiwe juu yake. Watoto nyuma yangu wakaangua kicheko mpaka mwenye duka akaja kutazama kuna nini.

"Mwalimu amekufa!" Shukuru alipiga kelele. "Mwalimu wa historia amefia Tabora! Hata Ugogo hajauona!"

Cheko lao lilikuwa halali. Nimefundisha njia ile ya misafara, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, tangu chaki yangu ya kwanza hadi naagwa kwa keki na kanga. Nilijua watawala, nilijua bei ya pembe za ndovu ilivyopanda, nilijua ni nani alikosana na nani. Lakini watu wale walikula nini njiani? Walinunua wapi, kwa kitu gani, na mwenyeji akikataa kuuza walifanyaje? Sikuwahi kujiuliza. Mchezo wa kompyuta uliniuliza, nikashindwa kujibu, nikafa.

Nawaambia ninyi vijana mnaokwenda kufundisha watoto majumbani, maana naona mmekuwa wengi na mnanipigia simu kuniuliza, "Mwalimu Hidaya, mlianzaje?" Tulianza hivyo. Nilikufa, watoto wakacheka, na palepale wakataka kujua kwa nini nimekufa. Ndani ya miaka yangu yote ya darasani hakuna mwanafunzi aliyewahi kunifuata hadi mlangoni kuniuliza kwa nini msafara fulani ulishindwa. Siku ile walinifuata hadi kwenye bodaboda.

Shukuru alikuwa mtoto wa pale Katonga, ufukweni. Mama yake alinunua dagaa na migebuka mwaloni, akakausha, akasafirisha, na sauti yake ilisikika toka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Mtoto alikuwa na siko seli. Wiki hii shuleni, wiki ijayo hospitali, na kila akirudi darasani wenzake wameshafika mbali. Mwishowe mama akamtoa shule, akanijia Ujiji nyumbani kwangu. Nilikuwa nimestaafu, nafuga kuku.

"Shikamoo Mwalimu. Nataka huyu asome nyumbani, afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akili anayo. Damu ndiyo inamsumbua."

Akili alikuwa nayo kweli, na ulimi pia. Hesabu aliipenda. Historia aliisikiliza huku ameegemea ukuta, anapiga miayo waziwazi. Nilipomuuliza shida ni nini akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hawa watu wote wameshakufa. Sasa mimi nitawasaidia nini?"

Mnacheka. Mtoto akikuambia hivyo, usimkaripie. Amekuambia ukweli kwamba hujampa kazi ya kufanya.

Keza alikuja baadaye kidogo. Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakivuka tena, na mji wetu wote ulijua, kwa sababu ukienda bandarini unawakuta, ukienda sokoni unawasikia, na kila nyumba ilikuwa na ndugu wa mtu. Mama yake alifariki Keza akiwa mdogo. Baba yake alibaki kule, na habari zake hazikuwepo. Mama yake mdogo, Konsolata, aliolewa Gungu zamani na Muha mmoja mwenye bodaboda, Baba Deo. Konsolata alihangaika ofisi moja hadi nyingine mpaka akaruhusiwa kumtoa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi akae naye. Karatasi za shule zilibaki Burundi, Kiswahili kilikuwa cha kubabaisha, na ikawa vigumu kwa shule kumpokea kabla ya mitihani. Basi Konsolata akasikia habari za Shukuru, akamleta kwangu.

Msichana mrefu, mkimya, kitambaa kichwani. Nikamwambia masomo tutakayosoma. Hesabu akakubali, Kiswahili akakubali, Kiingereza akakubali. Nilipotaja historia akatikisa kichwa.

"Oya," akasema. Kwa Kirundi ni hapana, na kwa Kiha vilevile, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani.

Mama yake mdogo alitaka kumkemea, nikamzuia. Konsolata mwenyewe akanieleza nje, kwa sauti ya chini: "Kwetu, Mwalimu, ukianza kusimulia ya zamani, unaishia kuhesabu waliokufa. Mtoto ameyasikia tangu tumboni. Amechoka."

Nikabaki na wanafunzi wawili, mmoja anaona historia ni makaburi ya watu asiowajua, mwingine anaona ni makaburi ya watu anaowajua mno. Na mtihani unakuja.

Aliyetuokoa ni Baraka, kijana mwenye steshenari pale Gungu. Alikuwa na kompyuta chache zilizochoka, mashine ya fotokopi, na intaneti aliyoipata kwa modemu aliyoifunga dirishani kwa mpira. Nilikwenda kutoa nakala ya maswali, nikamkuta anacheza kitu, kwenye kioo kuna mtumbwi na watu wamebeba mizigo. Nikatazama ramani. Nikaona neno Ujiji.

"Baraka, hiki nini?"

"Mchezo wa mtandaoni, Mwalimu. Unaongoza msafara toka ziwani hadi pwani. Njoo ujaribu."

Nilikuwa na umri wa kuwa bibi yake. Alinivutia kiti, akaniwekea mkono juu ya mausi, akanifundisha kubofya bila haraka na bila kunicheka. Huyu alikuwa mwalimu wangu, nawaambia. Uzuri wake ni kwamba nilipokosea hakuninyang'anya mausi. Alikaa mikono kifuani, akauliza tu, "Unadhani kitatokea nini?" Nimeiba swali hilo na sijalirudisha.

Basi siku ya pili nikawaleta watoto. Mmeshasikia nilivyofia Tabora. Baada ya mimi akaingia Shukuru, akazama Malagarasi kwa kulazimisha kuvuka mto umejaa. Akaanza upya, akaibiwa. Akaanza upya. Macho yalikuwa yamemtoka, anaongea na wapagazi kana kwamba wanamsikia: "Tulieni, jamani, tulieni, kesho tunakula!" Mtoto yule yule wa miayo! Njiani kurudi hakunyamaza. Kwa nini msafara haukupita kaskazini? Wagogo walikuwa na haki gani ya kudai hongo, ule ushuru wa njia? Maji yalikuwa yao, nikamwambia. "Basi walikuwa na haki," akasema. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto.

Hapa niwaambie mambo ya kazi, maana mchezo peke yake haufundishi. Ucheze wewe kwanza, ufe wewe kwanza. Usiwaache wacheze hadi wachoke. Wakatishe wanapokuwa wamenoga kabisa, wakununie, kwa sababu wakati huo ndipo kitabu wanakifungua wenyewe kutafuta njia ya kupita. Na kila baada ya mchezo niliwauliza: ni nani alikuwepo kweli, lakini humu hayupo? Waliotengeneza ule mchezo wako mbali, na mengi waliyaacha. Shukuru alianza kuyawinda makosa kama mtu anavyowinda chawa. "Wanawake hawamo! Nani alipika?" Siku nyingine: "Mwalimu, watumwa wako wapi? Kitabu kinasema walipita njia hii hii." Nikamwambia andika. Akaandika kurasa, yeye ambaye zamani mistari miwili ilimchosha.

Keza alikuja nasi kwa sababu hakutaka kubaki peke yake. Alikaa kando, anatazama, haguswi na kelele. Ikaja siku ile.

Shukuru alikuwa karibu na Tabora na chakula kimemwishia. Mchezo ukampa njia tatu: nunua, rudi nyuma, au vamia kijiji. Hakuwa na cha kununulia. Akabofya vamia. Nyumba za nyasi zikawaka moto kwenye kioo, muziki ukapigwa, na magunia ya nafaka yakaongezeka pembeni. "Tumepona!" Shukuru akainua mikono.

Keza alisimama, akatoka.

Nikamfuata. Nilimkuta amesimama karibu na mama mmoja muuza chapati, ameutazama mtaro. Sikumwambia kwamba ni mchezo tu. Nilikaa kwenye benchi, nikanunua chapati, nikamgawia nusu. Tukala. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Mwalimu, wale watu wa kwenye nyumba. Haikuonyesha walikimbilia wapi."

"Haikuonyesha," nikakubali.

"Walikuwa ndani."

"Ndiyo, mwanangu. Walikuwa ndani."

Nikamwambia habari ambayo darasani sikuwahi kuisema. Kwamba mama wa babu yangu hakuzaliwa Ujiji. Aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka Umanyema, na hakuletwa kwa hiari yake. Kijiji chao kiliingiliwa hivyo hivyo, kwa moto. Ukoo wetu wote, na madrasa yetu, na harusi zetu za tarumbeta, umetokana na msichana aliyetokea mlango wa nyuma wa nyumba inayoungua. Jina alilopewa na mama yake hatulijui. Tunalijua lile alilopewa hapa.

Keza akanigeukia. "Na wewe unafundisha historia?"

"Nafundisha kwa sababu hiyo."

Akafuta mikono yenye mafuta kwenye kitenge. "Ni lazima kuvamia ili ufike pwani?"

Niliwahi kuulizwa maswali na wakaguzi, na maofisa, na wasomi. Swali zito kuliko hilo sijapata. "Sijui," nikamwambia. "Tukajaribu?"

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Akaingia ndani, akamwambia Shukuru asogee.

Wiki ile nilikuwa kama nimepagawa. Nikachimbua vitabu vyangu vya zamani. Nikawaambia habari za Uvinza, jinsi watu walivyokwenda kuchemsha maji ya chumvi tangu kabla ya misafara ya pwani, wakitoka kila upande: Waha, Wanyamwezi, watu wa kusini, watu wa ng'ambo ya ziwa.

"Na wa Burundi?" Keza akauliza.

"Na wa Burundi. Chumvi mnaiitaje kwenu?"

"Umunyu."

"Muulize baba yako mdogo, Muha wa hapa, anaiitaje."

Kesho yake alikuja mbio, kitambaa kimemteleza. "Umunyu! Anaiita umunyu!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikimbia bila kukimbia kitu.

Kwenye ramani ya mchezo Uvinza ilikuwa kidoti tu, kituo ambacho wachezaji wote walikiruka kwa haraka ya kuwahi Tabora. Keza akasimama pale. Akabadilisha sehemu ya pembe zake kwa mizigo ya chumvi. Shukuru akashika kichwa: "Unatoa pembe kwa chumvi? Wewe!" Lakini pembe hailiwi, na mkulima wa kijijini aifanyie nini? Chumvi kila nyumba inaitaka. Kila kijiji alichofika walimuuzia chakula. Wapagazi walishiba, hawakukimbia. Siku hiyo alivuka Tabora akiwa na watu wake wote, na sisi tulipiga makofi mpaka mteja wa fotokopi akapiga pia bila kujua sababu.

Jumamosi mchezo ule ulikuwa na mashindano. Watoto wanaosomea nyumbani, kutoka miji mbalimbali, waliingia kwa pamoja, kila kundi na msafara wake. Kulikuwa na kundi la Nairobi, la Mombasa, la Bukavu, na mengine ya mbali zaidi. Baraka akatuandikisha. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, mtu mzima mimi.

Asubuhi Konsolata akanipigia simu. Baba Deo ameambiwa na wenzake kijiweni kwamba mtoto wake anashinda kwenye kompyuta za kamari. Amekataa. Keza haendi tena, na pengine hata masomo basi. "Mwalimu, mimi nimeshindwa naye. Na mtoto ameshatoka, yuko huko, naye anamfuata."

Nilipofika mashindano yameshaanza. Keza kwenye mausi, Shukuru pembeni na kitabu magotini anamsomea majina ya vituo. Walikuwa wametoka Uvinza. Makundi mengine yako mbele mno. Nikaamua kumsubiri Baba Deo mlangoni, nimwombe.

Alikuja pikipiki ikinguruma, helmeti mkononi, amekunja uso.

"Shikamoo Mwalimu. Wewe nakuheshimu. Lakini huyu mtoto nimekabidhiwa. Kamari imemaliza vijana wangu wa kijiweni, wanabeti hadi hela ya mafuta. Keza, twende!"

Keza hakugeuka. "Baba mdogo, naomba usubiri. Niko Malagarasi. Watu wangu wanaingia majini."

Baba Deo akatupia jicho kioo. Alisogea. Akainama nyuma yetu sote. "Huu ndio Malagarasi? Hapo ni wapi, juu au chini ya kivuko?"

"Chini," Shukuru akamjibu.

"Sasa mbona anavuka? Maji yamejaa hayo! Keza, usivuke, ngoja yashuke!"

Akangoja. Maji yakashuka. Makundi mawili yaliyokuwa mbele yetu yakazama, tukaona alama zao zikizimika. Baba Deo akakaa chini juu ya katoni ya karatasi, akaiweka helmeti sakafuni. Tabora tukapita. Kila wapagazi wa wenzetu walipokimbia, Shukuru alitangaza kama mtangazaji wa mpira. Tukaingia Ugogo, ukame, maji ya kununua. Keza akatoa chumvi kulipa hongo, na visima vikafunguliwa. Tulikuwa wa tano, tukawa wa nne, tukawa wa tatu.

Umeme ukakatika.

Nilisikia mtu akipiga yowe, na nadhani ni mimi. Baraka akakimbilia jenereta, akavuta kamba, akavuta tena. Ikakohoa. Hakuna petroli. Mchezo ulikuwa unamsubiri aliyepotea mtandaoni kwa muda mfupi tu, kisha unamfuta.

Baba Deo alikuwa ameshatoka. Tulidhani ameondoka. Kumbe amepiga magoti barabarani, amechomoa mpira wa mafuta wa pikipiki yake mwenyewe, anatiririsha petroli kwenye chupa ya maji, huku anawafokea waliosimama kumtazama: "Pisheni! Kuna watu jangwani!"

Jenereta ikawaka. Kompyuta ikachukua muda wake kuamka, ile kompyuta, sijapata kuchukia mashine namna hiyo. Msafara wetu ulikuwepo bado. Tulikuwa tumerudi nafasi ya tano. Keza akashika mausi, akaendelea.

Hatukushinda. Kundi la Mombasa lilifika pwani kwanza, sisi tukamaliza wa tatu. Lakini matokeo yalipotoka, mchezo uliorodhesha na watu waliofika hai, na ni msafara mmoja tu uliofika bila kumpoteza mtu, na bila kijiji hata kimoja kuchomwa. Wetu. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye kisanduku cha maongezi. Kundi la Bukavu wakauliza: mliwalisha nini watu wote hao?

Keza akatutazama. Akavuta kibodi. Alichapa kwa kidole kimoja, kwa Kiswahili, akiniuliza tahajia hapa na pale. Akawaeleza Uvinza iko wapi, ni nani waliokuwa wakienda kuchemsha, chumvi ilivukaje ziwa, na kwa nini mkulima aliitaka kuliko pembe. Wa Nairobi wakauliza, akajibu. Wa Mombasa wakauliza. Tulikaa mpaka petroli ya Baba Deo ikakaribia kwisha, na yeye mwenyewe alikuwa akimsomea Konsolata majibu kwenye simu, kwa sauti ya juu, kama mahubiri.

Wote wawili walifaulu mtihani. Shukuru sasa anafanya kazi ya kutengeneza kompyuta, anapougua anaugua, akipona anachapa kazi, na bado ananikosoa. Baraka aliongeza chumba kwa ajili ya wanafunzi. Baba Deo alisukuma pikipiki yake siku ile kutoka pale hadi nyumbani, na aliisimulia safari hiyo kuliko mashindano yenyewe.

Lakini ninachotaka mkishike ni Jumatatu iliyofuata. Ilikuwa siku ya hesabu. Keza alifika Ujiji mapema, na hakuwa peke yake. Baba Deo alikuwa nyuma yake, amevaa shati la kanisani. Wakanisalimu, nikawakaribisha barazani.

"Mwalimu," Keza akasema, "leo nataka ya Burundi. Yote. Tangu mwanzo, hata yale mabaya."

Nilimuuliza kama ana hakika, na kama tungoje mtihani upite.

"Nina hakika. Baba mdogo amesema atakaa na mimi. Pakiwa pagumu, nitasema tusimame."

"Nitakaa," Baba Deo akasema. "Hata mimi siyajui vizuri."

Niliwatandikia mkeka, nikafungia kuku wasitusumbue, nikaanza na wafalme. Mbele kidogo aliinua mkono tusimame, tukasimama, tukanywa chai. Kisha akasema, "Endelea."